Kopo la Vipara

Watu wa ujiani walimwita Bi Pumzi, na hawakumwonea. Ukimpelekea sarafu iliyolika hata mwaka wake hauonekani, hakukimbilia lenzi kama wenzake. Aliishika kwa ncha za vidole viwili, akaisogeza karibu na mdomo, akaiachia pumzi moja ndefu ya moto, haaa, kama mtu anayefuta miwani. Sarafu ikashika ukungu. Akaiinamisha kuelekea taa ya mezani na kungoja. Ukungu hauondoki wote kwa pamoja. Pale ambapo zamani palikuwa na tarakimu hukawia kidogo kuliko kwingine, na kwa kufumba na kufumbua mwaka hujitokeza mbele yako, halafu unafutika. Aliyeuona kauona. Aliyepepesa macho imekula kwake.

Meza yake ilikuwa katikati ya ujia mrefu uliopita chini ya jengo la ghorofa, mbele kidogo ya duka la fotokopi. Juu ya meza palikuwa na kitambaa cha bluu kilichopauka, sinia la mbao lenye vyumba vidogo vidogo, na taa yenye shingo ndefu. Chini ya kiti aliweka kopo kubwa lililowahi kuwa la maziwa ya unga. Kwenye sinia zilikaa sarafu zenye mwaka. Kwenye kopo vilikaa vipara. Ndivyo alivyoziita sarafu ambazo mwaka wake umefutika kabisa.

"Mama, hii ilikuwa ya babu wa babu yangu," bwana mmoja mwenye tai alimwambia siku moja, huku akiifungua sarafu kutoka kwenye pamba kama anafungua kito.

"Babu wa babu yako alikuwa anaikunia mgongo? Mbona imelika hivi?"

"Si uangalie mwaka tu, mama."

Bi Pumzi aliipulizia. Akaipulizia tena. "Nimeangalia. Haupo."

"Hata kidogo?"

"Hata mkia wake. Hiki ni kipara, baba. Ukitaka nikuuzie kofia, sina."

Ujia mzima ulicheka, na yule bwana mwenyewe akacheka, lakini aliondoka bila kubisha. Hakuna aliyembishia Bi Pumzi.

Wageni wa biashara hii hudhani kwamba uzee ndio unaolipa. Sivyo. Sarafu mbili zilizotoka kiwanda kimoja, zenye kichwa kile kile cha mfalme, zinaweza kuachana bei kama baiskeli na lori, kwa sababu mwaka mmoja zilipigwa kwa mamilioni na mwaka uliofuata zikapigwa chache tu, kisha mashine zikanyamaza. Sasa mwaka ukifutika, nani atajua hii ni ipi? Mnunuzi hulipia kile kinachothibitika. Mwaka ulio wazi hupata bei yake yote. Mwaka unaosomeka kwa shida hupunguziwa, lakini bado una heshima. Tarakimu ya mwisho ikikosekana, sarafu huwa kama mtu anayeujua ukoo wake lakini hamjui mama yake: taji la mfalme litakuambia ni ya enzi gani, ila halitakuambia ni ya mwaka gani. Na mwaka ukitoweka wote, basi, hicho ni chuma cha kutengenezea vifungo vya koti.

Hapo katikati, baina ya kusomeka kwa shida na kutosomeka kabisa, ndipo aliposimama Bi Pumzi. Hakuwa na cheti wala muhuri. Alikuwa na neno lake. Wauzaji wa upande wa pili wa mji waliulizwa na wateja wao swali moja tu: "Bi Pumzi kaisoma?" Kama kaisoma, mkono uliingia mfukoni. Kama hajaisoma, mazungumzo yalihamia kwenye habari za hali ya hewa. Neno hilo ndilo lililokuwa mali yake yote. Chumba alipanga, meza ilikuwa ya mwenye jengo, na mume alikwisha kuondoka zamani, akaondoka na redio pia.

Aliyebaki naye alikuwa mdogo wake. Meza zao ziligusana. Yeye watu walimwita Sindano, kwa sababu ya wembamba wa mwili na wepesi wa mkono. Alichonga majina kwenye vikombe vya mashindano, kwenye vibao vya milango ya ofisi, na ndani ya pete za arusi, herufi ndogo hata bibi arusi alihitaji kuazima lenzi ili ajue kaolewa na nani. Walifiwa na wazazi Sindano akiwa bado anang'oka meno ya utoto. Dada aliacha shule, akamlea. Alimpeleka kwa fundi wa kuchonga, akamlipia mafunzo mpaka mwisho, na kabla ya yote hayo alimfundisha kucheza mchezo pekee waliokuwa na vifaa vyake: kupulizia sarafu mbele ya mshumaa na kubahatisha mwaka.

"Nimeona nane, dada!"

"Umeona njaa yako. Pulizia tena. Si mate, pumzi."

Hivyo Sindano alijua kila kitu alichokijua dada yake: ukungu unavyotua, unavyoondoka, mwanga uingie upande gani, na ni wakati gani jicho linaanza kujidanganya. Alipokua, kila asubuhi alifika ujiani, akasema, "Shikamoo, dada," naye akaitikia, "Marahaba, mdogo wangu, umekunywa chai?" Na kopo la vipara lilipojaa, dada alimmiminia bure.

"Chukua, ukatengeneze vifungo vyako."

Kweli alitengeneza. Vifungo, vishikio vya funguo, vidani vichache vilivyoning'inia kwenye msumari juu ya meza yake. Bi Pumzi hakuwahi kujiuliza kwa nini kopo zima linazaa vidani vichache namna ile.

Kipara kimoja alikikumbuka zaidi ya vingine vyote. Mbomoaji wa majengo alimletea bonge la saruji lenye sarafu ya senti kumi iliyonasa ndani yake. Labda mwashi wa zamani aliikandamiza sakafuni ili kuacha alama. Bi Pumzi aliona taji dogo la mfalme likichungulia, moyo ukamwenda mbio, maana sarafu za taji dogo zilikuwa adimu. Akachukua tindo na nyundo, akagonga polepole. Karibu na mwisho tindo likateleza. Likaikata sarafu mshazari, kutoka kwenye taji hadi kwenye shavu la mfalme, na kwa mwendo huo huo likamkata yeye dole gumba. Alipulizia na kupulizia huku damu ikitiririka. Hakuona kitu. Kipara. Aliitupa koponi pamoja na damu yake, na Sindano ndiye aliyemfunga kidole kwa leso yake mwenyewe, akimkemea kwa upole: "Dada, sarafu haina roho. Wewe unayo." Kidole kilipona, kikabaki na kovu la mshazari.

Miongoni mwa wateja wake wa siku nyingi alikuwamo Mzee wa Reli, dereva wa treni aliyestaafu, ambaye injini zilimharibu masikio, kwa hiyo alisema kila kitu kwa sauti ya kuaga watu kwenye stesheni. Alikusanya sarafu za aina moja tu, zile za senti kumi, mwaka kwa mwaka. Alijitengenezea fremu ya mbao yenye tundu moja kwa kila mwaka, na matundu yote yalijaa isipokuwa moja. Tundu lililokuwa wazi lilikuwa la mwaka aliozaliwa, mwaka wa taji dogo.

"Mwaka wangu mimi ndio kiwanda kilichoka!" alikuwa akilalamika.

"Walikuona unakuja, wakazima mashine," Bi Pumzi alimjibu kila mara, na kila mara mzee alicheka kama ndiyo kwanza ameusikia utani huo.

Asubuhi moja mzee alikuja na fremu nzima kwapani, ameifunga kwa shuka. Sindano hakuwapo, alikuwa amepeleka vikombe kwenye shule fulani. Mzee akaivuta stuli ya Sindano, akaketi, akalifungua shuka.

"Nimekuja kukushukuru, mama! Tazama! Hakuna tundu!"

Bi Pumzi akatazama. "Umeupata wapi?"

"Wapi tena? Si ile uliyonitumia kwa mkono wa mdogo wako!"

"Niliyokutumia?"

"Akaniambia dada kaisoma mwenyewe, ila anaona haya kunitajia bei kwa sababu sisi ni marafiki. Haya ya nini, mama? Ningekulipa hata mara mbili!"

Bi Pumzi aliitoa ile sarafu kwenye tundu lake. Kabla hata hajaitia pumzi aliliona kovu, mshazari kutoka kwenye taji hadi kwenye shavu. Akaweka dole gumba lake pembeni. Mistari miwili ikalala sambamba kama reli za mzee.

Akaipulizia. Ukungu ukatua, ukaanza kuondoka, na pale chini, kwa kufumba na kufumbua, mwaka ukajitokeza. Ulikuwa hafifu, umelika, ukakawia na kufutika, sawasawa kabisa na inavyotakiwa. Kama asingelijua lile kovu angeipitisha mwenyewe, kwa furaha.

"Vipi, mama? Mbona kama umemeza jiwe?"

"Niachie hii hadi jioni, mzee wangu."

"Nikuachie mwaka wangu?" Alimtazama, kisha akacheka. "Haya. Kwako wewe naacha hata meno yangu."

Sindano alirudi mchana, anapiga mluzi. Alipokaa, dada yake alinyoosha mkono juu ya mpaka wa meza zao, akaiweka sarafu mbele yake, na pembeni yake akaweka dole gumba. Mluzi ukakatika.

"Dada..."

"Nieleze."

"Ni utani tu ule, nilitaka kuona kama—"

"Mdogo wangu. Nieleze."

Ukiwaambia watu wa aina ya Sindano waeleze kazi yao, hata kama kazi hiyo itawanyonga, wataieleza. Alianza kwa kigugumizi, kisha sauti ikapata uhai. Mwaka huwezi kuubandika, alisema, kwa hiyo unakwangua uso wa sarafu kuzunguka pale tarakimu zinapotakiwa kuwa, zibaki zimeinuka kwa unene wa unywele. Lakini hiyo ndiyo nusu nyepesi. Mwaka mkali kwenye sarafu iliyochoka, hata mtoto angeushtukia. Ndipo unaanza kuuchakaza tena. Majivu, kipande cha ngozi, jasho la kiganja. Unasugua, unapulizia, unasugua.

"Mpaka lini?"

"Mpaka ufike pale pale pumzi yako inapoishia."

"Na nani alikufundisha pumzi yangu inaishia wapi?"

 Sindano alichukua kalamu yake ya kuchongea, akaigeuza geuza mkononi.

"Hukunipa mimi hii kwa sababu ya kovu," dada alisema. "Ulijua ningelitambua. Ndiyo maana ulimpelekea mzee moja kwa moja, ukalitia jina langu mdomoni mwako."

"Vipara vya taji dogo viko wapi vingine, dada? Hakuna! Na mzee alikuwa anautaka mwaka huo mmoja tu. Amefurahi! Hujamwona alivyofurahi? Unataka kumnyang'anya mtu furaha ya uzeeni?"

"Wewe usimtumie mzee wa watu kama shuka la kujifunika."

Hapo Sindano akapandisha sauti. Fundi wa viatu aliyekuwa upande wa pili aliinua kichwa.

"Basi nikwambie! Wakati soko lilipokauka, wenzako wakafunga meza, wewe ulidhani riziki inatoka wapi? Yule bwana wa mkoba wa kahawia aliyekuwa anakuletea sarafu zenye mwaka hafifu, ulidhani ameangushwa na malaika? Nilikuwa namtuma mimi! Ulizinunua kwa bei ya vipara, ukazisoma mwenyewe, ukauza kwa bei ya mwaka. Ndizo zilizokulipia chumba! Wewe ulinilea, sikatai. Na mimi nimekulisha!"

Bi Pumzi alishika ukingo wa meza. Zile alizipitisha yeye. Kwa mdomo wake. Alikumbuka hata shangwe ya kuzisoma, jinsi alivyojisifu moyoni kwamba pumzi yake inaziona ambazo hakuna mwingine angeziona. Mtu aliyekula sahani moja naye alikaa hapo pembeni, stuli yake inagusa yake, akimtazama anajisifu.

"Ulikuwa unanitazama nikizisoma."

"Ndiyo."

"Ukajisikiaje?"

Sindano aliinamisha kichwa. Alipojibu, angalau hakusema uongo. "Vibaya. Na fahari, dada. Kila ulipoipitisha moja, nilijisikia fahari."

"Ni zipi?"

"Sikumbuki."

"Sindano!" Hakuwahi kumwita kwa jina la ujiani. "Ni zipi?"

"Wallahi sikumbuki! Nikizikuta leo, mimi mwenyewe siwezi kuzitofautisha na za kweli." Kisha, kwa sauti ya chini, sauti ile ya mtoto wa mshumaani: "Nyamaza tu, dada. Nani atajua?"

 Dada alizima taa yake, akaifunga sarafu ndani ya leso, akaondoka.

Mzee wa Reli aliishi peke yake katika chumba kimoja na sebule, safi kama kibanda cha msimamizi wa stesheni. Fremu ilikuwa imetundikwa juu ya kiti chake. Alimkaribisha kwa kelele, akataka kuchemsha chai, na Bi Pumzi alimzuia kwa mkono. Alimwambia yote akiwa amesimama. Alimwonyesha kovu la sarafu na kovu la kidole.

Mzee alisikia kila neno, ingawa Bi Pumzi aliongea taratibu. Kwa mara ya kwanza tangu amjue, naye alijibu taratibu.

"Kwa hiyo mwaka wangu haupo."

"Haupo, mzee wangu. Ni kipara."

 Mzee akainuka, akaitungua fremu, akailaza juu ya magoti yake. "Na hizi? Hizi, na hizi, na hii. Zote nilizinunua kwako. Zipi ni za kweli?"

Bi Pumzi alipiga magoti mbele yake, akazitoa moja moja, akazipulizia. Mwaka ukaja. Mwaka ukaja. Kila sarafu ilimtolea mwaka wake bila ubishi, na kila mmoja ulipofutika alijikuta hajui zaidi ya alivyojua mwanzo. Alirudia. Midomo ilikauka. Mwishowe akairudisha ya mwisho kwenye tundu lake.

"Siwezi kukwambia."

"Ulikuwa unajua?"

"Sikujua. Naapa sikujua."

"Ni mdogo wako. Umemlea. Meza zenu zimegusana."

"Ndiyo."

Mzee alimtazama muda mrefu, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyomuumiza zaidi. "Mama, miaka yote hii nimeishi kwa neno lako. Sasa unaniambia neno lako liliharibika bila wewe kujua. Lakini hata hili la kwamba hukujua, si ni neno lako pia?"

  Mzee aliirudisha fremu ukutani, ila aliitundika ikiwa imegeuka, matundu yakatazama ukuta. Bi Pumzi aliiacha sarafu yenye kovu juu ya meza, pamoja na pesa alizozipata njiani kwa kuuza pete yake ya mwisho kwa sonara wa jirani, akatoka. Mzee hakumsindikiza.

Asubuhi iliyofuata alifika ujiani mapema. Alikunja kitambaa cha bluu upande mmoja, akaliinua sinia la mbao kwa mikono miwili, akalimimina lote ndani ya kopo. Sarafu za kweli na za Sindano zilianguka pamoja juu ya vipara, kwa kelele moja. Kisha akaketi mbele ya sinia tupu.

Sindano akaja. Macho yalikuwa mekundu. Alisimama mbele yake kama mtoto aliyechelewa shule.

"Shikamoo, dada."

Fundi wa viatu alisikia. Msichana wa fotokopi alisikia. Wote walingoja marahaba, na marahaba haikuja. Sindano alisimama mpaka aibu ikamchosha, akaketi kwenye stuli yake, akashika kikombe cha mashindano na kujifanya anakichonga.

Jua lilipofika mdomoni mwa ujia alikuja mwanamke mmoja na sarafu ndani ya leso.

"Wewe ndiye Bi Pumzi?"

"Ndimi."

"Nisomee, mama. Huko mjini wameniambia bila wewe hawanipi kitu."

Aliipokea. Mkono ulitaka kuirudisha, lakini alishaipokea. Akaisogeza mdomoni, akaachia pumzi, akaiinamisha kuelekea taa. Kwenye meza ya pili kalamu ya kuchongea ilisimama. Ukungu ukatua, ukaanza kuondoka, na mwaka ukajitokeza, mzuri, mwaka wa maana, mwaka ambao zamani ungemfanya apige ukelele na ujia mzima uje kutazama.

"Mwaka unaonekana," alisema.

Mwanamke akapiga makofi. "Alhamdulillahi! Basi ni kweli!"

"Kuonekana, unaonekana. Kama ni wa kiwanda au ni wa mkono wa mtu, mimi sijui tena. Muulize fundi huyu hapa."

Mwanamke aliangalia pale alipoonyeshwa, akashangaa. "Huyu? Si wameniambia ni ndugu yako?"

Bi Pumzi alimrudishia sarafu yake, akamkunjia leso juu yake vizuri.

"Ni jirani," alisema.

Kisha akainuka, akaishika meza yake kwa pande mbili, taa na sinia tupu vikiwa bado juu yake, akaivuta. Miguu ya meza ililia juu ya saruji, ujia mzima ukageuka, na baina ya meza mbili ambazo hazikuwahi kuachana ikabaki nafasi ya mtu kupita.